Gemu ya sokwe wanaorushiana ndizi: nani anaikumbuka ile ya Kiswahili?

Mwana wa Karani (Chang'ombe, Dodoma)

Mbukwenyi wakuu. Nina swali ambalo nimeliuliza nyumbani nikachekwa, nikaliuliza kazini nikachekwa zaidi, sasa nalileta kwenu.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la tano hapa hapa Dodoma. Baba yangu, sasa ni marehemu, alikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya umma. Ofisi nzima ilikuwa na kompyuta moja. Ilikuwa na chumba chake, chumba kikawa na zulia, na kabla ya kuingia unavua viatu kama unaingia msikitini. Yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kile ambacho mama zetu walikuwa wanaweka juu ya redio. Kisa vumbi. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane anajua vumbi ninalolisema: unafuta meza, unakwenda kunywa chai, ukirudi unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Jumamosi mchana, kazi zikiisha, baba alikuwa ananichukua. Yeye anakaa kushoto, mimi kulia, kwenye kiti kilichowekewa majalada mawili ili nifikie. Anaandika vitu vyake, halafu yanatokea maghorofa ya rangi rangi. Juu ya ghorofa moja amesimama sokwe, juu ya jingine kule mbali yupo mwenzake. (Najua, wajuzi mtasema sokwe ni wale wa Gombe na Mahale na huyu ni mnyama mwingine. Sisi tulimwita sokwe.) Unaandika namba mbili, sokwe wako anarusha ndizi, ndizi inajizungusha angani, ikimpata mwenzako inalipuka kama baruti. Jua lilikuwa na uso, linatabasamu. Ndizi ikiligonga linapanua mdomo kwa mshangao. Mshindi ananyanyua mikono na kucheza.

Mpaka hapo wengi mtasema mnaijua. Sasa sikilizeni. Gemu yangu mimi ilikuwa ya Kiswahili. Juu ya kioo paliandikwa "Pembe:" ukaweka nyuzi, kisha "Kasi:" ukaweka namba nyingine. Siwezi kukosea, kwa sababu pembe niliyoijua wakati ule ilikuwa ya ng'ombe, na baba ndiye aliyenichorea nyuzi 45 nyuma ya karatasi ya printa, ile yenye matundu pembeni. Mwalimu wa hisabati alipokuja kufundisha pembe mwaka uliofuata, mimi nilikuwa nimeshazirusha sana. Na mbele ya neno "Kasi:" palikuwa na pengo. Namba ilianza kuandikika mbali na neno, utadhani kuna mtu kawekewa nafasi kwenye benchi.

Jingine ni upepo. Chini ya kioo palikuwa na mshale wa kuonyesha upepo unakoelekea, na siku zote, nasema siku zote, ulielekea kulia. Ndizi zangu nyingine zilifika katikati ya safari zikageuka, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilipomuuliza baba akaniambia, "Huu ni upepo wa Dodoma, unatoka Kongwa." Meza ilitazama kusini, kwa hiyo Kongwa kweli ilikuwa mkono wetu wa kushoto. Nikaridhika. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mwezi uliopita mama amenikabidhi sanduku la bati la baba. Ndani, chini ya risiti za kodi ya kichwa, nimekuta disketi saba: tano zile ndogo ngumu, mbili zile kubwa laini. Zina lebo za mwandiko wake: MISHAHARA, BAJETI, na moja imeandikwa J/MOSI.

Naombeni: gemu hii inaitwaje, nani aliitia Kiswahili, na nifanyeje niicheze na mwanangu wa miaka kumi, ambaye anaamini gemu ziliumbwa siku moja na simu za kugusa?

---

Bit ya Makulu (Dodoma)

Mkuu hiyo ni Gorillas, haina mjadala. Ilikuja bure ndani ya MS-DOS 5, mfumo wa Microsoft wa kuendeshea kompyuta za zamani, mwaka 1991, pamoja na QBasic, programu ya kuandikia programu kwa lugha ya BASIC. Faili yake ni GORILLA.BAS. Ilikuwa na mwenzake NIBBLES.BAS, gemu ya nyoka anayekula namba. Itafute kwa jina hilo mtandaoni, unaicheza ndani ya kivinjari, haichukui dakika mbili.

Ila hayo mengine, samahani kaka, nadhani kumbukumbu inakuchezea. Microsoft hawakutoa Gorillas ya Kiswahili. Pale juu pameandikwa Angle na Velocity. Na upepo unabadilika kila raundi, mara kushoto, mara kulia, mara hakuna kabisa. Ndiyo utamu wenyewe. Upepo wa upande mmoja haupo kwenye hiyo gemu. Labda ulikuwa unapigwa ukatafuta pa kusingizia.

---

Mwana wa Karani

Kupigwa nilipigwa mdogo wangu, hilo sikatai hata mbele ya mwanangu. Lakini "Pembe" sikuiota.

---

Bi Chapa (Mlimwa)

Mimi nakuamini, mwanangu. Nilikuwa mpiga chapa ofisini miaka hiyo hiyo, mji huu huu, na kwetu kompyuta ilipofika walinipa mimi kwa sababu "vidole vyake vimeshazoea". Viatu tulivua, tukapewa na ndala za chumbani. Ndala ziliibiwa, kompyuta ikabaki.

Watu wanadhani gemu zilikuwa za wanaume na watoto wao wa Jumamosi. Mimi nilikuwa na Prince of Persia. Sijui nani aliileta, disketi zilikuwa zinatembea ofisi hadi ofisi kama sufuria za shughuli. Yule kijana wa nguo nyeupe anakimbia kwenye gereza la chini ya ngome, anaruka mashimo, anajichoma na miiba ya chuma kama hukuangalia. Alikimbia kama mtu kweli, na baadaye nilikuja kusoma sababu: aliyeitengeneza, Jordan Mechner, alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, akazichora picha moja baada ya nyingine. Ilitoka 1989.

Sasa sikia mateso yangu. Gemu ile inakupa dakika 60 kumwokoa binti mfalme, na saa inatembea hata ukifa. Mapumziko yangu ya chakula yalikuwa saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu. Dakika 60! Nikila, binti anakufa. Nikimwokoa binti, nashinda njaa. Nikaanza kuja na maandazi mfukoni, mkono mmoja andazi, mmoja kibodi, na bado mkuu wangu alikuwa anarudi mapema. Sikumwokoa hata siku moja. Juzi juzi mpwa wangu ananiambia ungeandika tu "prince megahit" wakati wa kuiwasha, ukabonyeza Shift na L, ukaruka ngazi unavyotaka. Miaka thelathini ananiambia leo.

Swali lako la Kiswahili sina jibu. Lakini mtoto hakumbuki pengo ambalo halikuwepo.

---

Kaseti 64 (Kondoa)

Watoto wa makarani mlikula raha. Sisi huku gemu ya kwanza niliiona 1999 kwenye banda la video, ile mashine ya Kichina iliyoiga Nintendo. Kaseti imeandikwa gemu 9999999, ukizihesabu ni kama kumi tu, zinajirudia kwa majina mengine. Hamsini unacheza mpaka roho zako ziishe.

Mimi Contra. Mnakumbuka: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapewa roho 30. Mwenye banda alipoigundua aliipiga marufuku, akabandika karatasi ukutani kabisa, maana sisi tulikuwa tunalipa kwa kufa, na mtoto mwenye roho 30 anakaa mchana kutwa kwa hamsini ile ile. Karatasi ilikuwa na mishale yote imechorwa vizuri ili tujue kilichokatazwa. Waliokuwa hawaijui wakajifunza pale.

Samahani nimetoka nje ya mada.

---

Fundi Mstaafu (Singida mjini)

Karani mdogo, nimesoma swali lako mara mbili na jibu la kijana wa Makulu mara moja. Kila mmoja wenu anasema kweli.

Tuanzie nyuma kidogo, maana vijana hawayajui haya. Nchi hii iliwahi kupiga marufuku kuingiza kompyuta. Ilikuwa 1974. Hazina walikuwa na kompyuta tangu 1965. Mahesabu ya serikali yalipohamishiwa kwenye mashine yakavurugika, fedha nyingi zikaenda na maji, ndipo mlango ukafungwa, na televisheni zikafungiwa humo humo. Ulikuja kulegezwa taratibu miaka ya themanini. Ndiyo maana mashine ya 1993 ikipelekwa ofisini Dodoma ilipokelewa kama mgeni rasmi, zulia na kila kitu. Piga hesabu: Jumamosi ile unarusha ndizi, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. ITV walianza 1994. Mwanao akikuuliza kioo cha kwanza kukiona, mwambie kilikuwa na sokwe.

Mimi nilikuwa nazunguka na begi la bisibisi, Manyoni mpaka Mpwapwa. Mashine nilizozika hazikuuawa na viatu. Ziliuawa na dirisha lililoachwa wazi na umeme uliorudi kwa kishindo.

Sasa gemu yako. Prince ya Bi Chapa ilikuja ikiwa faili ya EXE, yaani imeshapikwa na kufunikwa. Unaila, huwezi kujua aliyepika katia nini. Gorillas ilikuja ikiwa BAS, mbichi. Ili uicheze ilikubidi uingie QBasic na kuifungua faili, na kabla sokwe hajaonekana yanakuwa mbele yako maandishi yote ya programu, mistari mamia kwa mamia. Ukibonyeza Shift na F5 ndipo inaanza. Tena pale juu kabisa waliokuwa wameiandika waliacha maelezo: ukiona gemu inakwenda mbio sana au inajivuta, badilisha namba kwenye mstari wa SPEEDCONST, wameweka 500. Yaani mwenye nyumba anakuonyesha mahali anapoficha ufunguo. Mtu akishabadilisha 500 akaona gemu inamtii, unadhani ataishia hapo?

Ushahidi wako ni lile pengo. Chukua kalamu. Neno "Angle:" lina herufi tano, na nukta mbili zake zinakuwa nafasi sita. "Pembe:" nayo ni sita. Imekaa sawasawa. "Velocity:" ni nafasi tisa. "Kasi:" ni tano. Mahali pa kuandika namba pamewekwa kwa kuhesabu neno la Kiingereza, kwa hiyo mtu akibadilisha neno asiguse hesabu, zinabaki nafasi nne tupu. Benchi lako hilo. Mtoto wa darasa la tano hawezi kuota nafasi nne zilizo sahihi.

Basi kuna mtu alifungua faili akaandika Kiswahili, kwenye kompyuta ya ofisi yenye kompyuta moja. Mimi simtafuti mbali. Na kama unajiuliza karani wa hesabu alifuata nini kwenye QBasic: pamoja na sokwe na nyoka, kulikuja MONEY.BAS, programu ya kutunza hesabu za fedha. Nadhani aliingia kwa fedha akakuta ndizi.

Ya upepo sisemi kitu mpaka ufungue disketi. Ukiifungua, tafuta neno Wind.

Kuhusu disketi zenyewe, usikimbilie. Zile tano ngumu zinasomwa na kisomaji cha nje cha kuchomeka kwa USB, bado vinauzwa Kariakoo. Zile mbili laini za inchi tano na robo weka pembeni, hizo zinataka mashine ya zamani. Kwanza vuta kile kibati cha kuteleza uangalie ndani: ukiona madoa kama ukungu, usiichomeke, itachafua kichwa cha kisomaji na kuziua nyingine. Pili, nyuma pembeni kuna kipande kidogo cha plastiki kinachosogea. Kisogeze tundu libaki wazi, hapo hakuna kitu kitakachoweza kuandika juu yake. Tatu, nakili disketi nzima kwenye kompyuta kabla hujafungua faili yoyote. Inaweza kusomeka mara moja tu maishani. Na chunga virusi. Wakati wetu kulikuwa na Michelangelo, kinalala mwaka mzima kinaamka tarehe 6 Machi na kufuta. Ofisi moja niliyoihudumia walikuwa hawawashi kompyuta siku hiyo, wanakunywa chai mpaka saa tisa na nusu, na kirusi chenyewe hawakuwa nacho.

Kuicheza: weka DOSBox, ni bure. Inajifanya kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Ctrl na F11 inapunguza mwendo, Ctrl na F12 inaongeza. Mwendo ni muhimu kwa gemu za zamani zote, kwa sababu nyingi zilipima muda kwa uwezo wa mashine. Zilizoandikwa kwa IBM ya 1981, ya megahezi 4.77, ukizifungua kwenye mashine mpya unakufa hujashika kibodi. Mnakumbuka kile kitufe cha Turbo kwenye makasha? Jina linasema mbio, kazi yake ilikuwa kuipunguzia mashine mbio ili gemu za zamani zichezeke. Kama QBASIC.EXE haimo kwenye disketi, tumia QB64, nayo inaelewa lugha ile ile.

---

Bit ya Makulu

Shikamoo mzee. Hizo nafasi nne nimezihesabu mara tatu, nimeondoa maneno yangu ya kumbukumbu. Karani, niwie radhi. Ya upepo bado nayashikilia.

---

Fundi Mstaafu

Marahaba. Yashikilie kwa mkono mmoja.

---

Mwana wa Karani

Wakuu, samahani kwa kimya cha wiki tatu. Kisomaji kimeletwa na shemeji kutoka Kariakoo, amepanda nacho treni ya umeme akakipakata kama mtoto mchanga. Nimelipa elfu arobaini, mke wangu anajua ni elfu kumi na tano.

Disketi ya BAJETI ina ukungu, sijaigusa. Mbili zilikataa kabisa, kompyuta inasema hazijaumbizwa, nikachomeka na kuchomoa mpaka nikaona aibu. MISHAHARA imesomeka; nimeifunga bila kuangalia, mishahara ya watu ni ya watu hata baada ya miaka thelathini. J/MOSI ilikataa mara tano. Ya sita ikaanza kukoroma. Mzee, ule mlio nilikuwa nimeusahau, nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeitwa jina lake.

Zilikuwemo QBASIC.EXE, GORILLA.BAS, NIBBLES.BAS, MONEY.BAS. Na SOKWE.BAS, tarehe 08-21-93. Nimeangalia kalenda, ilikuwa Jumamosi.

Alikuwa ameiacha ya Kiingereza kama ilivyo, akatengeneza nakala yake pembeni. Karani wa hesabu huyo, hafuti maandishi ya awali. Kwa hiyo nimezifungua mbili pamoja na kuzilinganisha mstari kwa mstari, usiku, taa ya sebuleni, mke wangu anapita ananiangalia.

"Pembe:" ipo. "Kasi:" ipo, na pengo lake la nafasi nne, Mungu akubariki mzee wangu. Pale gemu inapouliza majina, ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, ya awali inakuita Player 1 na Player 2. Ya baba inasema "Baba" na "Bwana Mdogo". Mvuto wa dunia ameandika "Mvuto", 9.8 ameiacha. Utangulizi ameutafsiri sentensi moja na nusu halafu akaachia njiani, Kiingereza kinaendelea chenyewe. Nadhani ndizi inayolipuka ilimshinda. Au mtu aliingia ofisini.

Kisha nikatafuta neno Wind.

Ya awali inasema: Wind = FnRan(10) - 5
Ya baba inasema: Wind = FnRan(10)

Basi. Ametoa kile kitoe tano. Nilikaa nikiuangalia mstari ule muda mrefu kabla sijauelewa, mimi si mtu wa kompyuta, ninauza vifaa vya ujenzi. Bit, mdogo wangu, hebu wafafanulie.

---

Bit ya Makulu

Dah.

FnRan(10) inachagua namba yoyote kati ya 1 na 10. Ukitoa 5 unapata kuanzia -4 mpaka 5. Hasi, upepo unakwenda kushoto, chanya, unakwenda kulia, sifuri, umetulia. Ukiondoa ile -5 namba haiwezi kuwa hasi tena. Mistari inayofuata hapo chini huwa inauongezea upepo nguvu mara moja moja, na kama ulishakuwa chanya unaongezwa huko huko kulia, unaweza kufika 20. Kwa hiyo upepo wako ulikuwa wa kulia tu, siku nyingine wa kimbunga.

Tena nimegundua kitu kwa sababu yenu: hata ile ya awali, -4 mpaka 5, kulia kuna namba tano na kushoto nne. Imeegemea kidogo. Miaka yote hii sikuwahi kuiona.

Nayaachia na ya upepo.

---

Bi Chapa

Ngoja kwanza. Aliyekaa kushoto anarusha kwenda kulia, upepo unamsukumia ndizi. Aliyekaa kulia anarusha dhidi ya upepo. Na baba yako alikuwa anakaa wapi?

---

Mwana wa Karani

Kushoto.

---

Bi Chapa

Kila Jumamosi?

---

Mwana wa Karani

Kila Jumamosi. Alisema upande wa kulia una mwanga mzuri kwa macho ya mtoto.

Nimempigia mama. Amecheka mpaka nikasikia anavuta kiti akae. Anasema kwenye bao alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anahamisha kete mgeni akigeuka kuangalia mlango, na ndiyo sababu wajomba zangu waliacha kuja kucheza kwetu, si ugomvi wa shamba la zabibu kama tulivyoambiwa.

---

Fundi Mstaafu

Nilihisi, ila si heshima kumtuhumu marehemu kwa uzi wa watu. Upepo wa Dodoma unatoka Kongwa kweli, lakini huwa unatulia jioni.

Mwanao ameionaje?

---

Mwana wa Karani

Dakika tano za kwanza aliona upuuzi. Alitafuta mahali pa kugusa kwenye kioo. Ndizi ilipogonga jua likapanua mdomo akacheka, na kuanzia hapo hakuondoka. Tumecheza mechi nne, SOKWE.BAS, Jumamosi, saa nane mchana. Yeye ni Bwana Mdogo. Amekaa kulia. Ya kwanza ndizi zake mbili zilimrudia akajilipua mwenyewe.

Baada ya ya nne akauliza mbona upepo hauhami. Nikamwambia unatoka Kongwa. Akaniangalia, watoto wa siku hizi hawaaminishwi, akasema nimwonyeshe maandishi yake. Nimemfungulia faili zote mbili. Amesoma, akaweka kidole kwenye ile -5 ya awali, akasema, "Kumbe ukiiandika hii hapa tunakuwa sawa."

Nimemwambia ataiandika yeye mwenyewe, kesho. Leo bado kuna mechi moja, na mimi nimeshakaa.